Bukavu: Intaneti ya antena ipimwe nyumbani kwa mteja, si kwenye mnara

Mjini Bukavu, nyumba mbili jirani zinaweza kulipia intaneti ileile ya antena na kupata huduma tofauti. Sababu kubwa ni vilima. Mawimbi hufika vizuri pale antena ya juu ya paa inapoona mnara wazi. Kilima, ukuta au mti ukiwa katikati, hufika yamedhoofika.

Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli. Zikipungua 3, nguvu inabaki nusu. Zikipungua 10, inabaki sehemu moja kati ya 10. Lakini nguvu peke yake haitoshi. Wateja wa mnara mmoja hugawana uwezo wake, ndiyo maana intaneti inayokimbia alfajiri huweza kukwama saa mbili za usiku, ingawa mawimbi ni yaleyale.

Kwa hiyo kipimo kimoja cha fundi, siku ya kufunga antena, hakimlindi mteja. Vinahitajika vipimo vya siku kadhaa, asubuhi na usiku: kasi ya kupokea, kasi ya kutuma, na muda wa jibu kurudi.

Matangazo yanayosema « hadi » megabiti fulani yanataja kilele tu. Mwenye ofisi anayelipa kila mwezi anahitaji kujua kiwango cha chini. ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano nchini, ikichapisha vipimo vya kila tarafa, yaani Ibanda, Kadutu na Bagira, wakaaji wataweza kulinganisha makampuni kabla ya kutoa pesa.