Shanga za maji: ‘Hazina sumu’, lakini huvimba tumboni mwa mtoto

Mara nyingi kwenye mfuko huwa pameandikwa maneno yanayomtuliza mzazi: ‘haina sumu’. Ndani mna punje nyekundu, kijani, njano na bluu, nyingine ndogo kama ulezi. Zikilowekwa kwenye beseni usiku, asubuhi zinakutwa zimekuwa duara, laini, zinazong’aa na kuteleza, baadhi kubwa kama gololi.

Wengine huziita shanga za maji, wengine huzijua kwa jina la biashara la Orbeez. Huwekwa kwenye vyombo vya maua sebuleni, watoto huzichezea kwenye beseni, na zipo bunduki za kuchezea zinazozitumia kama risasi. Bei yake ni ndogo na mfuko mmoja una punje mamia kwa maelfu.

Maneno ‘haina sumu’ yanajibu swali moja tu, yaani kama kitu hicho kinadhuru kwa kemikali yake. Kwa mtoto anayetambaa, swali la kwanza ni jingine: punje hii akiimeza, itakuwa kubwa kiasi gani kabla haijatoka?

Ndugu wa unga wa pampasi

Kinachozivimbisha shanga hizi ni polima ya viwandani. Inayofahamika zaidi ni sodiamu poliakrilati. Mzazi anaweza kuifikiria kama wavu wa nyuzi ndogo sana zilizofungwa pamoja. Maji yakiingia, wavu unapanuka na kuyashika, na hata ukiuminya hayatoki kirahisi. Unga wake mkavu unaweza kunyonya maji safi yenye uzito mara mamia ya uzito wake wenyewe. Kwenye maji yenye chumvi, kama mkojo, uwezo huo hupungua sana, ingawa bado ni mkubwa.

Katika miaka ya 1960, watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walikuwa wakitafuta vitu vya kusaidia udongo kuhifadhi maji, na kazi hiyo ikachangia kuzaliwa kwa polima za aina hii. Miaka ya 1980 zikaingia kwenye pampasi. Ndiyo sababu pampasi ya leo ni nyembamba lakini inamfikisha mtoto asubuhi akiwa mkavu.

Mzazi aliyewahi kukuta pampasi imepasuka na mtoto ana vipande vya jeli mwilini hana haja ya kupaniki. Jeli hiyo imeshalowa, kwa hiyo sehemu kubwa ya kuvimba kwake imekwisha. Inatosha kuifuta mwilini na mdomoni, kumbadilisha mtoto na kumwangalia kama anapumua vizuri. Akipaliwa, akikohoa mfululizo au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja.

Shanga ni habari nyingine. Ni punje nzima, inaingia mwilini ikiwa ndogo na kavu, kisha inaendelea kukua ikiwa ndani.

Namna utumbo unavyoziba

Utumbo mwembamba wa mtoto mchanga una nafasi ndogo. Punje kavu hupita kooni bila mtoto kukohoa wala kulia. Baada ya hapo hukutana na majimaji ya tumbo na kuanza kuyanyonya. Huvimba kwa saa kadhaa, nyingine kwa siku moja au mbili. Ikifika mahali pembamba ikiwa imeshakuwa kubwa, inakwama kama kizibo.

Chakula na maji havipiti tena. Mtoto hutapika, hukataa kunyonya au kula, tumbo hujaa na kuuma, hapati choo, kisha hulegea. Dalili hizo hufanana na za maradhi ya kawaida ya tumbo. Mzazi ambaye hakuona mtoto akimeza chochote anaweza kudhani ni chakula kilichoharibika, akampa dawa ya duka na kusubiri. Wakati huo mtoto anapungukiwa maji, na ukuta wa utumbo unaweza kufa au kutoboka. Hapo tiba huwa ni upasuaji.

Kuna tatizo jingine. Picha ya eksirei haiionyeshi shanga, kwa sababu sehemu yake kubwa ni maji, tofauti na sarafu au msumari. Eksirei inaweza kuonyesha utumbo uliojaa hewa bila kuonyesha kilichouziba. Ultrasaundi inaweza kusaidia zaidi, lakini daktari anahitaji kwanza kujua anatafuta nini. Ndiyo maana taarifa ya mzazi ina uzito mkubwa.

Yaliyotokea Marekani

Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji ya Marekani inakadiria kuwa kati ya mwaka 2016 na 2022 watu wapatao 7,800 walifikishwa vyumba vya dharura nchini humo kutokana na shanga za maji. Mwaka 2023 mtoto wa miezi 10 alifariki dunia baada ya kumeza shanga hizo. Septemba mwaka huo bidhaa iliyohusishwa na tukio hilo, pakiti zipatazo 52,000, iliondolewa sokoni. Kabla ya mwaka kwisha, maduka makubwa ya Amazon, Walmart na Target yalitangaza kuacha kuziuza kwa ajili ya watoto.

Machi 2024 tume hiyo ilitoa onyo jingine. Safari hii halikuhusu kuvimba. Aina mbili za shanga zilikutwa na akrilamidi kupita kiwango kinachoruhusiwa. Akrilamidi ni malighafi inayotumika kutengeneza baadhi ya polima hizi. Hudhuru mishipa ya fahamu, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Polima iliyokamilika haina tabia hiyo, ila kiwanda kisipokuwa makini mabaki ya malighafi hubaki ndani ya punje. Kwa hiyo hata maneno ‘haina sumu’ yanategemea nani ametengeneza na nani amepima.

Kiwango cha Ulaya cha usalama wa vitu vya kuchezea, EN 71, kinataka kitu kidogo cha kuchezea kinachovimba majini kisiongezeke kwa zaidi ya nusu ya ukubwa wake wa awali kwa upande wowote. Shanga ya maji hupita hapo mara nyingi. Lakini kiwango hicho kinahusu vitu vya kuchezea. Mfuko unaouzwa kama pambo la maua au kwa ajili ya kilimo haumo, hata kama rangi zake zinafanana na pipi.

Sikioni na puani

Watoto huziingiza pia sikioni na puani. Hapa kosa hufanyika kwa nia njema: mzazi anaona mtoto analalamikia sikio, anatia matone ya dawa au maji ya uvuguvugu. Shanga inayanyonya na kuvimba ndani ya tundu jembamba, ikibana ngozi na ngoma ya sikio. Uwezo wa kusikia unaweza kuharibika. Mtoto anayehisiwa kuwa na shanga sikioni asitiwe kitu chochote cha majimaji, asichokonolewe kwa kijiti, na apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Akimeza, au ikihisiwa amemeza

Mzazi asisubiri dalili. Mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama anacheza.

Asilazimishwe kutapika, kwa kuwa shanga inaweza kuingia njia ya hewa.

Asinyweshwe maji ya chumvi. Ni kweli chumvi huifanya jeli iachie maji, na habari hiyo inasambaa mitandaoni, lakini chumvi nyingi kwa mtoto mdogo ni hatari na inaweza kumuua.

Mzazi abebe mfuko na punje chache kavu, amwonyeshe daktari, na aseme wazi: “Huenda amemeza hizi, huvimba zikipata maji, na hazionekani kwenye eksirei.” Aeleze pia muda unaokisiwa na ukubwa wa punje ikishalowa.

Akirudishwa nyumbani kisha akaanza kutapika au tumbo kujaa, arudi hospitali bila kungoja kuche.

Unga na punje nyumbani

Polima hii huingia nyumbani kwa njia nyingine pia. Wapo wakulima wa maeneo kame wanaoichanganya na udongo ili miche ivumilie jua, na wapo wanaoshughulika na unga wake katika utengenezaji wa pampasi. Unga mkavu ukipeperuka huwasha macho na koo, na vumbi lake laini likivutwa kila siku hudhuru mapafu. Anayefungua gunia anahitaji barakoa ya vumbi, miwani na mahali penye hewa. Nguo za kazi zikung’utwe nje kabla mtoto hajabebwa. Gunia likae stoo iliyofungwa, mbali na jiko, na unga usihamishiwe kwenye chupa ya soda au kopo la maziwa.

Ukimwagika, ufagiliwe ungali mkavu. Ukipata maji sakafuni huwa utelezi mkubwa, na babu au bibi anaweza kuanguka vibaya.

Kwa nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano, au mwenye ulemavu unaomfanya aweke vitu mdomoni, njia salama ni kutokuwa na shanga za maji kabisa. Kuziweka juu ya kabati hakutoshi, kwa sababu punje moja ikidondoka huruka, huviringika chini ya kochi na kukaa hapo wiki nyingi. Mkubwa huacha kucheza, mdogo anakuja kuiokota akitambaa.

Zilizopo zifungwe kwenye mfuko na kutupwa na taka ngumu. Zisimwagwe chooni wala kwenye sinki, kwani huziba bomba kama zinavyoziba utumbo. Baada ya hapo mzazi ainue mazulia na makochi afagie, na aulize kama zinatumika shuleni au kwa jirani anakoshinda mtoto. Anayekuta zinauzwa kama kitu cha kuchezea watoto wadogo bila onyo anaweza kuipeleka taarifa hiyo Shirika la Viwango Tanzania, TBS.

Maua ya sebuleni hayatapungukiwa kitu. Yatakaa vizuri kwenye maji matupu.