Ukurasa wa Nyumbani: Jeraha la Panga na Mganga Yuko Mbali



Katika nyumba za askari na polisi wa Uganda, panga halikosekani. Ndilo la kukatia kuni, la kufyekea nyasi na la kuangushia mkungu wa ndizi. Lakini ajali haina kinga, na siku moja panga huteleza likazama katika paja, muundi au kiganja. Kwa akaaye Kampala, hospitali si mbali. Kwa jamaa ya askari aliye katika kituo cha ndani huko Karamoja, au ya polisi wa visiwa vya Ssese, huenda gari au mashua isipatikane mpaka kukuche. Leo tuzungumzie saa hizo za kungoja, kwa kuwa ndani yake majeruhi yumo mikononi mwa watu wa nyumbani.

Yafaa tufahamu kwamba jeraha la kuzama huweza kuua mara mbili. Huua kwanza kwa damu, tena kwa dakika chache. Na baadaye huua kwa uchafu, baada ya siku kadhaa. Watu wengi hukimbilia kutafuta dawa ya kupaka hali damu ingali inamwagika. Mtu mzima ana damu ipatayo lita 5 tu. Kwa hiyo, kazi ya kwanza ni kuzuia damu.

Mlaze majeruhi chini. Vaa glavu, au tia mkono katika mfuko safi wa plastiki, ili damu yake isikuguse. Weka kitambaa safi juu ya jeraha, kisha ukandamize kwa viganja vyote viwili, mikono ikiwa imenyooka, uzito wa mwili wako ukiwa juu yake. Endelea kukandamiza kwa dakika 10 kwa saa, bila kufunua ili kuchungulia. Kila ufunuapo, damu iliyokwisha kuganda hubanduka na kazi huanza upya. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake na ukandamize kwa nguvu zaidi. Ikiwa jeraha ni shimo katika paja, kinena au kwapa, sindilia kitambaa ndani mpaka chini kabisa, ndipo ukandamize. Usisindilie kitu katika jeraha la kifua au tumbo. Na kama kuna kitu kilichochomeka, usikichomoe. Kandamiza pembeni mwake na umpeleke nacho.

Damu ya mkono au mguu ikiwa inaruka na haizuiliki kwa kukandamizwa, hapo ndipo unapohitajika mfungo wa kukaza kwa kijiti. Tumia kitambaa kipana cha vidole vitatu au zaidi. Usitumie waya wala kamba ya kiatu, kwani hukata nyama. Funga vidole vinne juu ya jeraha, upande wa kuelekea moyoni, wala si juu ya kiungo kama goti au kiwiko. Pitisha kijiti kigumu katika fundo, ukizungushe mpaka damu ikome, kisha ukifunge kisifunguke. Majeruhi ataumia sana, lakini usikilegeze kwa kumhurumia. Andika saa uliyofunga kwenye paji la uso wake.

Hapa ningependa kuwaambia askari wa zamani neno moja. Wengi wao walifundishwa kuulegeza mfungo huo kila baada ya dakika kadhaa ili mguu upate damu. Siku hizi mafundisho hayo yameachwa, kwani kila kulegeza humpotezea majeruhi damu ambayo hana ya kurudisha. Aufunguaye ni mganga. Inafaa majeruhi amfikie kabla ya saa 2 kupita. Lakini hata zikipita, asiufungue mtu wa nyumbani.

Damu ikiisha kukoma, mfunike majeruhi blanketi asipate baridi. Asipewe chakula wala pombe, maana huenda akahitaji dawa ya usingizi hospitalini.

Sasa tuje kwenye uchafu. Jeraha lililotoa damu nyingi lisioshwe nyumbani. Liachwe na vitambaa vyake mpaka kwa mganga. Jeraha ambalo damu yake ilikoma upesi lioshwe kwa maji mengi yaliyochemshwa yakapoa, lita moja au zaidi, kisha lifunikwe kwa kitambaa safi. Majivu, udongo, kinyesi cha ng'ombe, mafuta ya taa na unga wa betri visilikaribie kabisa. Wala mtu asilishone kwa uzi wa nyumbani. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na kinyesi, na hustawi mahali pasipo hewa; kulifumba jeraha chafu ni kuvijengea nyumba.

Na katika habari ya pepopunda, wanaume wajihadhari zaidi. Mwaka 2011 ilithibitishwa kwamba Uganda imetokomeza pepopunda ya wazazi na watoto wachanga, kwa msaada mkubwa wa chanjo wanazopewa akina mama. Baba wa nyumba hana kliniki ya wajawazito, na wengi hawakumbuki walichanjwa lini. Mwenye jeraha chafu ambaye miaka 5 imepita tangu chanjo yake ya mwisho apate sindano upesi, hata kama jeraha limeanza kufunga. Vilevile asiyeweza kukunja au kunyoosha kidole baada ya kukatwa aende hospitali, ijapokuwa damu ilikuwa chache, kwani huenda mshipa wa kuvutia kidole umekatika.

Mama wa nyumba, tafuta kopo lenye kifuniko. Tia humo vitambaa vilivyofuliwa na kupigwa pasi, bendeji pana, glavu, sabuni, kijiti kigumu na kalamu. Waonyeshe watoto wakubwa mahali lilipo, na uwafundishe kukandamiza, maana siku ya ajali huenda baba yuko doria nawe uko sokoni.

Wiki ijayo tutazungumzia kuungua kwa moto na maji ya moto.