Nondo Zetu na Kinu cha Nyuklia

Serikali ya Kenya imekwisha kutamka kwamba inakusudia kinu cha kwanza cha nyuklia nchini kianze kutoa umeme mwaka 2034. Kwa kazi ya namna hiyo, muda huo si mrefu. Sisi wa Pwani tulikuwa wa kwanza kusikia jambo hili likibisha mlangoni, kwani mahali palipotajwa kwa muda mrefu ni Uyombo, katika Kaunti ya Kilifi, ambako mwezi Mei 2024 wananchi waliandamana kulipinga na polisi wakawatawanya kwa nguvu. Tangu mwaka 2025 macho ya Serikali yameelekezwa Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Kama kinu kijengwe au kisijengwe ni suala ambalo bado litajadiliwa sana, na ni haki ya wananchi kulijadili. Hatukusudii kulimaliza leo.

Lakini liko swali jingine, ambalo halijaulizwa kwa sauti ya kutosha. Siku mkataba utakapotiwa saini, ni kitu gani kitakachotoka katika viwanda vyetu wenyewe? Na hicho kitakachotoka, je, kitafaa?

Swali hili si la kubuni. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki limeweka mambo 19 ambayo kila nchi inayotaka kuingia katika nyuklia inapaswa kuyaandaa, na ushiriki wa viwanda vya ndani ni mojawapo. Wataalamu wa Shirika hilo walikuja hapa mwezi Agosti 2015 kuangalia hali yetu katika mambo hayo yote. Tangu hapo tumepata Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, tumepata shirika la kuendesha mpango wenyewe na mamlaka ya kuusimamia, na vijana wetu wamepelekwa hadi Korea Kusini kusomea shahada za juu. Yote hayo ni mema. Ila tumeandaa ofisi na wahandisi kuliko tulivyoandaa karakana, tanuri na mafundi.

Kila mradi mkubwa unapotangazwa, jibu jepesi huwa tayari: saruji tunayo, kokoto tunazo, mikono ya vijana tunayo, basi tupewe sehemu yetu. Ndivyo ilivyokuwa katika reli mpya kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017. Iliahidiwa kwamba asilimia 40 ya mahitaji yatapatikana hapa nchini. Saruji ilitoka nyumbani, na hilo lilikuwa jambo la kushukuriwa, ilhali vyuma vya reli, injini na mabehewa vilisafiri kutoka Uchina. Watu wengi wanadhani kwamba kwa nyuklia itakuwa hivyo hivyo: watu wa nje walete mitambo, nasi tulete zege.

Tunapenda kuwaonya wanaofikiri hivyo, kwa sababu mahali ambapo nchi tajiri kuliko yetu zimejikwaa ni papo hapo kwenye zege. Finland ni nchi yenye viwanda vya miaka mingi na yenye vinu vya nyuklia tangu miaka ya 1970. Mwaka 2005 ilianza kujenga kinu kipya huko Olkiluoto, kikitarajiwa kumalizika mwaka 2009. Kabla ya mwaka wa pili kwisha, wakaguzi wa serikali ya nchi hiyo walitoa ripoti wakieleza kwamba mchanganyiko wa zege la msingi haukuwa kama ulivyoidhinishwa, na kwamba bamba za chuma za kufunika ndani ya jengo la kinu zilikuwa na kasoro za uchomeleaji. Walipochunguza chanzo, waliona kwamba wakandarasi wadogo waliopewa kazi hawakuwa na uzoefu wa nyuklia, na kwamba wakati wa zabuni hawakuelezwa barabara ni kitu gani watakachodaiwa. Msingi wenyewe hatimaye ulikubaliwa. Lakini huo ulikuwa mwanzo tu wa matatizo ya kila aina, na kinu hicho hakikuanza kazi yake ya kawaida mpaka Aprili 2023, miaka 14 baada ya siku iliyoahidiwa.

Mtu atauliza: zege ni zege, kuna siri gani? Siri ni kwamba katika kazi ya nyuklia haitoshi kitu kiwe imara. Ni lazima uimara wake uweze kuthibitishwa, leo na miaka 60 baadaye, na mtu ambaye hakuwapo siku kilipotengenezwa. Nondo moja inayolazwa katika ukuta wa jengo la kinu yapasa kuwa na alama inayoonyesha ilitoka katika myeyuko upi wa tanuri lipi, ina kemikali gani kwa kiasi gani, ilivutwa kwa mashine gani hata ikakatika, na mashine hiyo ilipimwa usahihi wake lini na nani. Fundi anayechomelea bomba huwa na namba yake, na kila mshono alioupitisha hupigwa picha ya eksirei, na picha hiyo hutunzwa. Akibadilisha aina ya waya wa kuchomelea bila ruhusa, hata kama mshono umetoka mzuri kuliko wa jana, kazi hiyo hukataliwa.

Sasa tuangalie chuma chetu. Sehemu kubwa ya nondo zinazouzwa nchini hutokana na vyuma chakavu vilivyoyeyushwa, au na chuma kilicholetwa kutoka ng'ambo na kufinyangwa hapa. Hakuna aibu katika kuyeyusha vyuma chakavu; nchi kubwa hufanya hivyo. Lakini wasomaji wetu watakumbuka Januari 2022, milingoti ya umeme ilipoanguka na karibu nchi nzima kuingia gizani, hata Serikali ikapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa muda, kwa sababu vyuma vya milingoti, reli na alama za barabarani vilikuwa vikiibwa na kuuzwa. Tanuri linalopokea mlingoti wa umeme ulioibwa usiku haliwezi kuandika cheti cha asili ya chuma chake. Huenda nondo itakayotoka humo ikawa na nguvu za kutosha kwa nyumba ya kawaida. Kwa kinu cha nyuklia haifai kitu.

Na hata hizo nyumba za kawaida, tuseme kweli, hazijatupa sababu ya kujivuna. Jengo la Huruma jijini Nairobi lililoanguka usiku wa mvua mwezi Aprili 2016 liliua watu wapatao 50. Katika mazungumzo ya majengo yanayoanguka, maneno ni yale yale kila mara: zege dhaifu, nondo nyembamba, mkaguzi ambaye hakufika au aliyefika na kuondoka na bahasha. Mazoea hayo ndiyo yanayotutia hofu kuliko upungufu wa mitambo. Mashine huweza kununuliwa kwa mkopo. Tabia ya kukataa gari la zege kwa sababu limechelewa nusu saa, wakati mkubwa wa kazi anapiga kelele kwamba muda unakwisha, hainunuliwi.

Kwa upande mwingine, wapo wanaodhani kwamba dawa ya yote ni kudai vyeti vingi zaidi. Hao nao wautazame mfano wa Korea Kusini. Nchi hiyo ndiyo inayosifiwa kuliko zote kwa kukuza viwanda vyake kwa njia ya nyuklia. Kinu chake cha kwanza cha Kori, kilichoanza kazi mwaka 1978, kilijengwa na Wamarekani, na kampuni za Wakorea zilifanya kazi za ujenzi chini yao. Katika vinu vilivyofuata walijichukulia kazi zaidi na zaidi; mwaka 1987 wakafunga mkataba uliowapa ufundi wenyewe wa kubuni kinu; na mwaka 2009 wakapata zabuni ya kuwajengea Waarabu wa Abu Dhabi vinu vinne huko Barakah. Ni safari ya miaka 31 kutoka kufundishwa hadi kuuza. Lakini mwaka 2012 na 2013 iligunduliwa katika nchi hiyo hiyo kwamba maelfu ya vipuri yalikuwa yameingizwa katika vinu kwa vyeti vya kughushi, na kwamba majaribio ya nyaya za umeme za kuendeshea mitambo ya usalama yalikuwa yameandikwa uongo. Vinu kadhaa vilizimwa, watu wakafikishwa mahakamani, na wananchi wakapungukiwa umeme wakati wa joto kali. Ikiwa waliofika mbali kiasi hicho waliweza kughushi, tusijidanganye kwamba mhuri pekee utatulinda sisi.

Je, basi tukae kando, tuwaachie wageni kila kitu? Hapana. Hilo lingekuwa kosa kubwa zaidi. Kinu hununuliwa kwa mkopo wa fedha za kigeni ambao watoto wetu wataulipa, na sehemu ya fedha hizo itakayobaki nchini ni ile tu itakayolipwa kwa kazi iliyofanywa nchini. Kama sehemu yetu itakuwa kubeba mchanga, kupika chakula cha wajenzi na kulinda lango, siku kinu kitakapowashwa tutabaki na deni na lango. Huko Abu Dhabi, kiwanda cha chuma cha nchi hiyo kilijitahidi mpaka kikaidhinishwa kutengeneza nondo za daraja la nyuklia, na nondo hizo zikaingia Barakah. Hawakujaribu kutengeneza kila kitu. Walichagua walichokiweza, wakakifanya kwa ukamilifu.

Sisi wenyewe tunao mfano wa namna hiyo, tena wa kujivunia. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa mvuke wa ardhini huko Olkaria ulianza kazi, ukitoa megawati 15. Leo umeme wa mvuke nchini umepita megawati 900, na wachimbaji wa visima wa KenGen wameitwa kwenda kuchimba Ethiopia na Djibouti. Tabo kubwa zinazozungushwa na mvuke huo bado hutoka Japani, na hakuna anayeona haya kwa hilo. Lakini kuchimba, kupima, kuunganisha mabomba na kuutunza mtambo ni kazi yetu sasa. Afrika Kusini nayo, ambayo vinu vyake viwili vya Koeberg viliwashwa mwaka 1984 na 1985, imeviendesha kwa watu wake kwa miaka 40, na ilipofika wakati wa kubadilisha matangi makubwa ya kuzalishia mvuke ilibidi iyaagize kutoka ng'ambo. Tuseme wazi basi kwamba chombo chenyewe cha kinu, ambacho peke yake huwa na uzito wa zaidi ya tani 300, hakitatengenezwa Kenya. Kazi tutakayokuwa nayo ni kukipitisha bandarini Mombasa na kukifikisha ziwani, mwendo wa zaidi ya kilomita 800 wa madaraja na milima. Kwa wahandisi wa barabara hiyo ni kazi ya kutosha kuanza kuifikiria tangu sasa.

Liko pingamizi la wenye viwanda ambalo ni la haki. Kwa nini, wanauliza, nitumie mamilioni kupata idhini ya nyuklia kwa ajili ya mradi ambao huenda usijengwe, au ukajengwa na wageni watakaokuja na watu wao? Jibu letu ni kwamba maandalizi yaanzie mahali ambapo faida yake haitegemei kinu. Mchomeleaji anayeweza kupasi mtihani wa bomba la nyuklia anahitajiwa leo Olkaria, anahitajiwa katika matangi ya mafuta ya Kipevu, anahitajiwa katika karakana za meli hapa Mombasa na katika ile ya Kisumu iliyounda meli ya MV Uhuru II kwa kushirikiana na Waholanzi. Maabara ya kupima chuma inayoaminika itawafaa wajenga madaraja na wajenga maghorofa. Gharama za idhini hizo Serikali izichangie, kwa kuwa ni Serikali iliyolitaka jambo hili, na kwa kuwa manufaa yatabaki hata kama kinu kitaahirishwa.

Serikali pia imepanga kujenga kinu kidogo cha utafiti kabla ya kile kikubwa. Hicho ndicho kiwe shule. Zege lake, nondo zake, nyaya zake na mabomba yake madogo vitolewe na kampuni za hapa kwa kadiri inavyowezekana, chini ya masharti yale yale ya nyuklia, ili makosa yafanyike mahali padogo na yasahihishwe mapema. Na wakaguzi wa mamlaka ya nyuklia wapewe nguvu ya kweli ya kusimamisha kazi, pasipo kuulizwa na waziri wala mbunge kwa nini kampuni ya mwenyeji imekataliwa. Asilimia ya kazi za wenyeji isiwe ahadi ya jukwaani. Itajwe kifaa kwa kifaa.

Kwa hiyo tunaiomba Wizara ya Kawi na shirika lake la nyuklia watoe orodha ya vitu vyote ambavyo vingeweza kupatikana nchini, pamoja na viwango vitakavyodaiwa kwa kila kimoja na majina ya maabara zitakazovipima. Orodha hiyo itoke miaka, si miezi, kabla ya zabuni ya kwanza. Na ichapishwe kwa Kiswahili vilevile, ili mwenye kiwanda cha nondo Mariakani na mwenye karakana Kisumu waisome siku ile ile itakaposomwa na kampuni za Seoul na Beijing.