Pikipiki ya kooperative isilale juu ya ambreyaji

Ndugu wanamemba, kahawa nyekundu iliyochumwa asubuhi inapaswa kumenywa siku ile ile. Ikilala ndani ya gunia inaanza kuchacha, na bei inaanguka. Kila mtu kwetu anajua hiyo. Basi namna gani tuliacha pikipiki ya kooperative wiki mbili chini ya bashi, katikati ya mavuno, juu ya kitu cha kurekebisha kwa nusu saa?

Ninasema juu ya ambreyaji ya mafuta. Pikipiki nyingi za hapa ziko na kabo, na kila kijana wa taksi anajua kuikaza. Ile tuliyopata kupitia mradi haina kabo. Iko na kikopo kidogo cha mafuta kwenye usukani, mrija, na pompi ndogo karibu na injini. Ukivuta mkono, mafuta njo yanasukuma. Hewa ikiingia ndani, mkono unakuwa laini na vitesi zinakataa kuingia.

Tuliita fundi wa barabarani. Aliona mafuta yamepungua, akajaza mafuta ya injini. Simlaumu sana, hakuna mtu aliyemuonyesha. Lakini mafuta ya injini yanavimbisha raba za ndani, na kisha siku chache ilibidi tutafute piesi mjini, ya juu na ya chini. Kumbe aina ya mafuta imeandikwa pale pale kwenye kifuniko! Kwa yetu ni DOT 4, yale yale ya freni. Pikipiki zingine zinaomba aina ingine, kwa hiyo soma kwanza. Nunua chupa iliyofungwa, sababu mafuta haya yanakunywa unyevu wa hewa. Ile iliyobaki wazi tangu mwaka jana, achana nayo. Yakimwagika kwenye rangi, mwaga maji mara moja.

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili. Mmoja anavuta mkono polepole mara kadhaa, kisha anaushika umevutwa. Mwenzake anafungua kidogo skrubu ya chini, yenye mrija unaoingia ndani ya chupa. Povu linatoka, anafunga, ndipo wa kwanza anaachilia. Ukiachilia mbele ya kufunga, itakunywa hewa tena. Mnarudia mpaka povu liishe, na kikopo kisikauke hata mara moja.

Kitu kimoja wengi wanakikosea. Kwa freni, plaketi zikilika, mafuta yanashuka. Kwa ambreyaji ya namna hii, diski zikilika, mafuta yanapanda kidogo. Basi ukiona yameshuka, yanavuja mahali. Kujaza paka kujaza ni kujidanganya.

Mimi ninaomba komite inunue chupa moja ya mafuta, mrija wa plastiki na ufunguo wa 8, viwekwe kwenye depo, si nyumbani kwa dereva. Watu wawili wajifunze, na mmoja awe mama. Wengine watasema: mwanamemba akiharibu, nani atalipa? Swali la haki. Lakini tumekwisha kulipa: piesi mbili, na magunia ambayo wamama walibeba kwa mgongo mpaka stesheni ya kuosha, mengine yakafika usiku. Kwenye mkutano mkuu nitaomba pia tuandike ndani ya kitabu cha pikipiki tarehe ya kubadilisha mafuta hayo, kila miaka 2, hata kama mkono unavuta muzuri.