"Chanjo ya tumbaku" ni chanjo ya nini?

Ukisema "chanjo ya surua", kila mama hapa Lubumbashi anaelewa: ni ya kuzuia surua. Sasa sema "chanjo ya tumbaku". Kwa kanuni ileile, hiyo ni sindano ya kumwachisha mtu sigara. Kumbe msemaji anataka kutaja chanjo iliyotengenezwa ndani ya majani.

Jambo lenyewe lipo. Mwezi wa pili 2022, Kanada iliruhusu Covifenz, chanjo ya Covid-19 ya kampuni Medicago, iliyozalishwa katika Nicotiana benthamiana, mmea wa jamii ya tumbaku. Bakteria huingiza ndani ya jani maelekezo ya kuunda protini. Jani huiunda kwa siku chache. Kisha majani huvunwa na protini husafishwa. Kampuni hiyo ilifungwa, lakini njia imebaki. Tena ilikwisha kufika kwetu: ZMapp, iliyotoka katika mmea huohuo, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Ebola Kivu ya Kaskazini, ikaachwa mwezi wa nane 2019 kwa kuwa dawa nyingine mbili ziliokoa watu wengi zaidi. Hiyo haikuwa chanjo. Ilikuwa dawa ya kingamwili.

Wapo wanaosema sayansi itangulie, maneno yatafuata. Mimi sikubali. Kwetu "dawa ya majani" ni ile inayochemshwa nyumbani. Mtu akisikia "chanjo ya majani" anaweza kuchuma, kuchemsha, kunywa, na kujiona amekingwa. Mwingine akisikia "kubadilishwa" ataogopa kwamba anayebadilishwa ni yeye, na hatampeleka mtoto kuchanjwa.

Kiswahili sanifu kina msaada wake: katika "mmea uliobadilishwa", kiambishi u- kinaonyesha kilichobadilishwa ni mmea, si chanjo wala mtu. Lakini katika Kiswahili chetu cha mtaani upatanisho huo hupungua sana, na tofauti hiyo hupotea pamoja nao. Kutafsiri kwa kamusi tu hakutoshi.

Ninapendekeza "chanjo iliyozalishwa ndani ya mmea". Ni ndefu, lakini haidanganyi. Tuipeleke sokoni kwanza, tuwaulize watu wameelewa nini, kwa Kiswahili na kwa lugha zao za nyumbani, kabla redio haijaitangaza. Daktari anajua kilichomo ndani ya chupa. Kujua kinachosikika jina lake linapotamkwa ni kazi yetu sisi tunaosomea lugha za Afrika, na tuianze kabla chupa hiyo haijafika.