Imani Ni Faraja, Si Badala ya Dawa

Sisi madaktari wa mitaani hulisikia jina la Mungu kila siku. Mgonjwa akiambiwa ana kisukari, shinikizo la damu au kifua kikuu, aghalabu hujibu, "Mungu yupo." Mimi huyafurahia maneno hayo. Mgonjwa mwenye tumaini hujilazimisha kula hata chakula kikiwa hakimwendei, na mara nyingi hufika kliniki siku aliyopangiwa. Aliyekata tamaa huchelewa, kisha hutoweka.

Lakini kuna mafundisho yanayonitia hofu. Wapo wanaoambiwa kwamba kumtumaini Mungu ni kutupa vidonge, na kwamba kulia ni dalili ya imani haba. Ushauri wa aina hiyo huua.

Chukua kifua kikuu. Kwa kawaida dawa zake humezwa kwa miezi sita. Baada ya wiki chache tu kikohozi hupungua, hamu ya chakula hurudi na mgonjwa hudhani amepona. Akitangaza muujiza na kuacha dawa wakati huo, viini vilivyobaki mwilini huweza kuibuka upya vikiwa sugu. Watakaoambukizwa kwanza ni watoto anaolala nao chumba kimoja.

Kwa maoni yangu, furaha ya kweli haikani maradhi. Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi waraka uliojaa furaha ilhali yumo kifungoni, na wala hakuificha minyororo yake. Ni Paulo huyo huyo aliyemshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo, na mwandani wake Luka alikuwa tabibu. Waislamu nao hufunzwa kwamba Mtume Muhammad alimwambia mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu.

Basi ufanyeje? Omba asubuhi, kisha meza dawa. Mwambie mwenzako wa kanisani, msikitini au jirani yako akukumbushe saa. Siku ukiwa na nguvu, imba. Siku ukiwa huna, waache wengine wakuimbie. Huzuni ikiendelea kwa wiki mbili na usingizi ukapotea, usijilaumu kwamba imani yako imepungua. Huenda huo ni ugonjwa, nao hutibika. Na ukianza kuona heri kufa, usingoje hata siku moja: mwambie mtu aliye karibu nawe akupeleke hospitali.

Kwa viongozi wa dini nina ombi moja. Kabla ya kumwombea mgonjwa, muulizeni kama amemeza dawa za leo. Akisema ameponywa, msimkatize furaha yake, mleteni apimwe. Aliyeponywa na Mungu hana la kuogopa katika kipimo cha makohozi.