Gundi ya nyuki isiachiwe wachuuzi

Nyuki hukusanya utomvu kwenye machipukizi ya miti, wakauchanganya na nta, kisha wakaziba kila ufa wa mzinga. Gundi hiyo, propolisi, sasa inauzwa kwenye vichupa vidogo, na wapo wachuuzi wanaoapa kwamba inaponya saratani.

Haijathibitishwa.

Matumaini, hata hivyo, yana msingi. Mwaka 1988 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walieleza jinsi kemikali ya CAPE, iliyomo kwenye gundi hiyo, ilivyodhuru seli za uvimbe kuliko seli za kawaida. Hayo yalikuwa ya maabara. Ushahidi ulio karibu zaidi na wodi ni wa kusukutua: majaribio kadhaa, yakiwamo ya Iran, yameonyesha kuwa propolisi hupunguza vidonda vya kinywa vinavyowatesa wanaotibiwa kwa kemikali. Kwa mgonjwa anayeshindwa kumeza hata uji, nafuu hiyo si ndogo.

Fedha za utafiti zielekezwe hapo, na gundi ya miombo ya Tabora ipimwe yenyewe, kwa kuwa kemikali zake hutegemea miti iliyouzunguka mzinga. Mgonjwa naye asiache mionzi wala dawa, na amweleze daktari anachotumia, maana wapo wanaopata mzio mkali.